Tabibu wa Chumba cha Nyuma

Asubuhi ile redio ilipokuwa ikiisifu mashine, mashine yenyewe ilikuwa jikoni Ujiji, imejifunga kanga, inachuja chai.

"Haichoki, hailali, haikosei!" ilisema sauti ya Shadia, mtangazaji aliyejulikana kuanzia Kibirizi hadi Katonga. "Tabibu Mnemba, akili mnemba ya afya iliyozaliwa hapa hapa Kigoma. Unatuma ujumbe, unakatwa shilingi mia tano, na kabla hujameza mate jibu limekufikia. Leo wageni wanatoka Dar es Salaam kuja kuiona kwa macho yao, na mimi nitakuwa nao moja kwa moja."

Mzee Mwinshehe akapunguza sauti ya redio, akamtazama mkewe. "Umesikia, Ashura? Kwenu leo ni sherehe."

"Nimesikia."

"Na nyie mnaoifundisha hiyo mashine, watawapiga picha?"

Bi Ashura akamsogezea kikombe na kipande cha muhogo. "Tutaona huko huko," akajibu, akaingia ndani kuvaa.

Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Walipomchukua pale kwenye kampuni ya Tabibu Mnemba walimwambia kazi ni kuifundisha mashine kwa miezi mitatu, halafu mashine itajua yenyewe. Huu ulikuwa mwezi wa tisa, na Bi Ashura alikuwa hajawahi kuiona hiyo mashine. Alichokiona ni chumba cha nyuma chenye kompyuta nne na wanawake wanne: yeye, binti mmoja aitwaye Happiness aliyemaliza chuo cha uuguzi akakosa ajira, na wenzao wawili. Ujumbe ukiingia, aliye karibu anausoma na kuujibu. Hiyo ndiyo akili mnemba yenyewe. Mkataba uliwakataza kumwambia mtu yeyote, hata mume. Simu zao zilikusanywa kila asubuhi kwenye kikapu. Namba za wagonjwa walikatazwa kuziandika popote.

Alinyamaza. Mshahara ulikuwa laki tatu na nusu, na nyumba ilikuwa na mdomo wa kulisha na paa la kuziba. Tena alijiambia kwamba watu wanauliza na wanajibiwa sawasawa, basi dhambi iko wapi?

Kulikuwa na jambo jingine lililomfunga ulimi. Siku moja, katika mwezi wake wa tano wa kazi, uliingia ujumbe ulioanza na salamu ndefu: "Assalamu alaykum Tabibu. Mimi ni mzee wa Ujiji, miaka sabini na moja. Mkojo unanisumbua, unakuja kwa kukatika katika. Mke wangu ni mkunga lakini namwonea haya." Bi Ashura aliusoma mara mbili, akaitazama ile namba. Aliijua kuliko ya kwake. Akamjibu kwa upole kama anayemjibu mtu baki: aende hospitali akapimwe, na amwambie mkewe. Mzee Mwinshehe hakwenda wala hakusema, lakini tangu siku hiyo akawa anamwandikia Tabibu kila wiki, mara miguu, mara usingizi, mara hofu ya kufa. Akirudi kutoka msikitini anawaambia wenzake, "Ile mashine ina hekima, jamani. Inakusikiliza."

*

Ofisi ilikuwa Mwanga, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Elia, mwenye kampuni, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye maneno laini na raba nyeupe zisizojua vumbi la Kigoma. Alimpokea Bi Ashura mlangoni na aproni mkononi.

"Shikamoo mama. Leo tunakuomba utusaidie chai. Wageni wakikuuliza, wewe ni mama wa usafi."

Bi Ashura akaitazama ile aproni. "Na ujumbe wa watu atajibu nani?"

"Leo majibu yatatoka yenyewe. Tumepanga majibu mia mbili kwenye kompyuta. Swali likiingia, linachukua jibu lake."

"Na swali lisilo na jibu humo?"

"Litapewa lililo karibu nalo," Elia akatabasamu. "Ni saa moja tu, mama. Wageni hawa wakiweka pesa zao, na nyie mshahara unapanda."

Happiness na wale wawili aliwaingiza chumba cha nyuma, akawaambia wasikohoe, akafunga kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Mlangoni alikuwa amebandika karatasi: MITAMBO. HATARI.

Wageni walifika saa nne. Walikuwa wanaume wawili wenye pesa, mwandishi wa gazeti, mpiga picha wa televisheni, na Shadia, mwembamba kuliko sauti yake, anayetangaza kwa simu aliyoishika karibu na mdomo. Elia aliwasimamisha mbele ya skrini kubwa ukutani. Ujumbe ukiingia unaonekana juu, namba imefichwa nusu. Jibu linatokea chini. Mmoja aliuliza mafua ya mtoto, mwingine kiungulia. Sekunde mbili, jibu. Wageni wakapiga makofi.

Bi Ashura alipita na sinia. Mmoja wa wale wenye pesa akachukua kikombe, akamwambia kwa ukarimu, "Na wewe mama umewahi kuitumia hii?"

"Nimewahi."

"Ikakusaidia?"

"Imenichosha tu vidole," akasema Bi Ashura, na wote wakacheka, wakidhani mama wa watu hajui kubonyeza simu.

Ndipo ukaingia ujumbe mwingine. Bi Ashura aliusoma akiwa amesimama na sinia: "Tabibu mke wangu ana mimba miezi minane. Kichwa kinamuuma sana tangu jana uso umevimba na mikono. Sasa anasema anaona cheche. Tuko Kalinzi. Nifanye nini."

Sekunde mbili. "Maumivu ya kichwa ni ya kawaida kwa mjamzito. Mpe dawa ya kutuliza maumivu, anywe maji mengi na apumzike. Asante kwa kutumia Tabibu Mnemba."

Makofi yakapigwa tena. "Hapo nyie mmeona wenyewe," Elia alisema. "Mama yule yuko mlimani, na daktari amemfikia."

Bi Ashura akaliweka sinia juu ya meza, mbele ya wageni, kwa kishindo ambacho hakukikusudia. "Hilo jibu litamuua."

Elia akacheka kidogo. "Mama, rudi jikoni."

"Hicho ni kifafa cha mimba kinakuja. Anaona cheche! Akilala kama mlivyomwambia hataamka. Nipe namba yake."

"Samahanini sana," Elia aliwaambia wageni akiwa ameshika kiwiko cha Bi Ashura. "Mama yetu huyu huwa anachanganyikiwa kidogo. Tunamsaidia tu kwa huruma."

Katika miaka yote ya kazi Bi Ashura alitukanwa na wagonjwa, na waume wa wagonjwa, na mabosi wenye nusu ya umri wake. Hakuna tusi lililomchoma kama hili la kuonewa huruma. Akakichomoa kiwiko chake, akaenda hadi kwenye ule mlango wa mitambo, akaupiga kwa kiganja.

"Happiness! Huyo wa mwisho, wa Kalinzi! Nisomee namba!"

Elia alikuwa ameshakuja, amesimama baina yake na mlango. "Mama Ashura, ulisaini mkataba," akanong'ona.

Mle ndani kiti kikaburuzwa. Kisha mlango uliosemekana una mitambo ukatoa sauti ya msichana, inayotetemeka lakini safi, ikataja tarakimu moja baada ya nyingine. Sifuri. Saba. Sita. Wageni walitazama mlango kama waliosikia kaburi likiongea.

"Nani yuko humo?" akauliza mwandishi wa gazeti.

"Mashine," Bi Ashura akasema. "Mashine ni sisi. Nani ana simu? Zetu ziko kwenye kikapu chake."

Aliyekuwa na simu karibu ni Shadia. Alikuwa ameishika bado karibu na mdomo, na taa yake ilikuwa inawaka. "Niko hewani," akasema, kama anayeomba radhi. Akaitazama simu, akamtazama mama yule mwenye aproni. "Studio, nitarudi," akasema, akakata. Zile tarakimu alikuwa amezishika kichwani. Akazibonyeza mwenyewe, akampa simu Bi Ashura kwa mikono miwili.

Iliita mara tano. Aliyepokea alikuwa na sauti ya kijana aliyekuwa anatoka kisimani au anaelekea, anahema.

"Mimi ndiye uliyeniandikia kuhusu mkeo," Bi Ashura alimwambia. "Lile jibu lifute. Unaitwa nani?"

"Feliksi."

Bi Ashura akageuza lugha, akamsemesha Kiha, kile Kiha cha mamake cha nyumbani ambacho hakukitumia ofisini hata siku moja. Amlaze ubavu wa kushoto. Asimpe kitu mdomoni, si dawa, si maji. Atafute pikipiki sasa hivi, mke akae katikati na mtu wa kumshika nyuma, waende kituo cha afya, na wakifika wasikae foleni, waseme mlangoni: presha ya mimba, anaona cheche. "Ukifika mpe simu muuguzi, nipigie kwa namba hii. Umesikia, Feliksi? Usinikatie tamaa njiani."

Alipoinua uso, wenye pesa walikuwa wanashuka ngazi. Mpiga picha wa televisheni hakuwa amezima kamera.

"Umeniua, mama," Elia alisema. Sauti yake haikuwa laini tena. "Toka. Na mshahara wa mwezi huu usahau."

*

Bi Ashura na Shadia walikaa kwenye ngazi za nje, kati ya marobota ya vitenge, na simu moja katikati yao. Happiness aliwakuta hapo baada ya Elia kulazimika kufungua mlango. Shadia alikuwa anajikuna kidole gumba.

"Yale matangazo yote," hatimaye alisema, "nilikuwa napewa karatasi, nasoma. Walikuwa wanalipa kituo vizuri. Sijawahi kuuliza hata swali moja."

"Mimi nilijua, na sikusema," Bi Ashura akamjibu. "Tunatofautiana nini?"

Simu ikaita baada ya saa moja kasoro. Alikuwa muuguzi wa Kalinzi, mwanamke, anazungumza kwa haraka ya kazi. "Wewe ndiye uliyewatuma? Presha mia na tisini kwa mia na ishirini. Kifafa kimempanda hapa hapa mlangoni, sindano ilikuwa tayari mkononi kwa sababu mumewe aliingia anapiga kelele zile cheche zako. Gari limeondoka naye kuja hospitali huko mjini, nadhani wameshapita Mwandiga. Wangechelewa nusu saa, dada yangu..."

Bi Ashura akarudisha simu. Akamshika Shadia mkono, akaubana mpaka vidole vya binti vikaumia. Kisha akamgeukia Happiness. "Na wewe. Ungeweza kunyamaza humo ndani."

"Niliogopa, mama."

"Najua. Nimesikia ulivyoogopa, na nimesikia ulivyosoma."

*

Mzee Mwinshehe alikuwa ameketi barazani, redio imezimwa. Alikuwa amesikia kila kitu: sinia, mlango, na maneno "mashine ni sisi". Bi Ashura akavua viatu, akaketi mkekani.

"Yule aliyekuwa anajibu," mzee akaanza, akitazama barabarani, "alikuwa mmoja au ni zamu zamu?"

"Zamu zamu. Lakini wewe nilikuwa nakujibu mimi. Nikiona namba nilikuwa nawaambia wenzangu, huyu niachieni."

"Na yale ya... mkojo?"

"Niliyasoma."

"Yote?"

"Yote, mume wangu. Hata ile ya kuogopa kufa kabla yangu."

"La haula." Akajifunika uso kwa kofia yake. Bi Ashura alidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe ni kicheko, kicheko cha mtu aliyekamatwa uchi mtoni na mtu wa nyumbani kwake. "Shilingi mia tano kila wiki! Ashura, nimekulipa kukuuliza mambo ambayo ungeniambia bure!"

"Ungeniuliza?"

Akafikiri. "Nisingekuuliza."

"Basi."

Mzee akaivaa tena kofia yake, akasema polepole, "Ulinijibu vizuri. Zile siku usingizi ulikuwa unakataa, nilikuwa nausoma ule ujumbe wako hata mara tatu. Sikujua ni wako. Nashukuru, mke wangu."

Watu walikuja kesho yake, na kesho kutwa. Si wote walikuja kwa wema. Sokoni Mwanga vijana walimpigia mluzi, "Mashine inapita! Mama, niangalizie malaria!" Akalipa nyanya zake kichwa kikiwa chini. Nyumbani alikuja mchuuzi wa dagaa wa Katonga aitwaye Jumanne, amekunja uso.

"Mtoto wangu aliumwa, mimi nikalipia mashine, Bi Ashura. Kumbe najibiwa na jirani."

"Ni kweli. Tulikudanganya, na mimi nilikuwemo. Nisamehe." Akamsogezea kigoda. "Mtoto alikuwa na nini?"

"Kuharisha. Mkanielekeza maji ya chumvi na sukari, na zinki."

"Akapona?"

"Akapona." Jumanne akasimama pale, kama mtu aliyesahau alichofuata. "Lakini nimekuja kukasirika."

"Kasirika, baba. Ukimaliza, uji upo."

Alikunywa uji. Alipoondoka alisema asante, akaonekana kujishangaa.

Ijumaa Shadia alirudi hewani. Hakusoma karatasi. Alisema alivyoisifu kampuni ambayo hakuwahi kuichunguza, akataja mara ngapi, akasema majina ya wanawake wanne wa chumba cha nyuma kwa ruhusa yao. "Mlikuwa mnaniamini," alisema, "na mimi nilikuwa nauza imani yenu kwa sekunde thelathini thelathini." Kituo kilimwondoa kwenye kipindi cha asubuhi kwa mwezi mzima. Elia wakati huo alikuwa ameshapanda ndege. Polisi walikuta ofisi ina skrini kubwa na vikombe vichafu. Kule Dar, gazeti lililokuwa limemwita kijana wa mwaka liliandika habari yake ndogo, ukurasa wa tisa.

*

Wiki ya pili Mzee Mwinshehe alikubali kwenda kupimwa. Bi Ashura alimsindikiza hospitali, akamketisha kwenye foleni pamoja na faili lake. "Mwambie daktari kama ulivyokuwa unamwandikia Tabibu," akamwambia. "Usipunguze." Kisha akapanda kwenda wodi ya wazazi.

Alikuwa akiuliza habari za Agnesi, mke wa Feliksi, kila siku kwa simu. Alijua amefanyiwa upasuaji, amekaa siku mbili bila fahamu, amezinduka. Hakuwa amewaona. Njiani ngazini miguu ilimwambia arudi. Angewaambia yeye ni nani? Yule aliyewajibu, au yule aliyewakomboa kwenye jibu? Mdomo uliowaokoa ndio huo huo ulionyamaza miezi tisa.

Kwenye benchi nje ya chumba cha watoto njiti alikaa kijana wa mlimani, ana viatu vyenye udongo mwekundu uliokauka. Vifungo vya shati vilikuwa wazi, na kifuani, ngozi kwa ngozi, alikuwa amefungiwa kitoto kwa kitenge. Kilichoonekana ni kofia ya sufu tu, kubwa kama chungwa.

"Shikamoo mama," alisema. "Samahani, siwezi kusimama. Nimeambiwa nisimtikise."

"Marahaba. Usisimame kabisa."

Kijana akainua kichwa ghafla. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Kwa Kiha."

Bi Ashura akamwambia kwa Kiha, taratibu, amlaze ubavu wa kushoto, asimpe kitu mdomoni. Hakufika kwenye pikipiki. Machozi ya Feliksi yalikuwa yanaangukia ile kofia ya sufu, naye hana mkono wa kujifutia, yote miwili imemshika mtoto. Bi Ashura akamfutia kwa ncha ya kanga.

Agnesi alikuwa kitanda cha tatu, uso bado una uvimbe, sauti ya kuazima. Hakukumbuka pikipiki, wala mlango, wala gari. "Wananisimulia mambo yangu kama ya mtu mwingine," alisema. "Nasikia ulinitafuta. Sikujui, mama, lakini nashukuru." Akapitiwa na usingizi akiwa ameshika kidole cha Bi Ashura. Bi Ashura alikiacha kidole pale muda mrefu, akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa majina: Shadia, Happiness, yule muuguzi wa Kalinzi, yule dereva wa pikipiki ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina.

Alipotoka, Feliksi alimpatia nafasi kwenye benchi kwa kusogea vidole viwili.

"Mama, nilidhani ni mashine imenipigia," alisema kwa aibu. "Ulisema wewe ndiye niliyekuandikia. Nikasema, kumbe siku hizi zinapiga na simu, tena zinajua Kiha. Agnesi alipofumbua macho nikaandika asante kule kule kwenye ile namba. Nimengoja jibu mpaka leo."

"Nionyeshe."

Simu ilikuwa mfuko wa nyuma. Ikabidi Bi Ashura aitoe mwenyewe. Ujumbe ulikuwa wa Jumatano, umeandikwa bila nukta: "Tabibu amefumbua macho ameniita jina langu mtoto ni wa kike kilo moja na robo tatu asante sana sina cha kukupa."

Bi Ashura aliusoma wote, akaurudia. Kisha akairudisha simu mfukoni mwa kijana, akaketi karibu naye, bega kwa bega, ili mtoto apate joto la upande wa pili.

"Nimeupata, mwanangu," alisema. "Karibu."